Kolaji ya sauti na picha laivu jukwaani: mwongozo kamili toka kukusanya vipande mpaka kufungasha nyaya

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Unachukua sauti ambazo hazikutengenezwa ziwe muziki, tangazo la biashara la zamani, mtu anayesoma maelekezo ya kuunganisha kabati, mlio wa lifti, hotuba, redio isiyoshika stesheni, unazikata, unazigonganisha palepale mbele ya watu, na nyuma yako kwenye skrini picha nazo zinakatwa na kuharibiwa kwa mtindo huohuo. Sio udijei mana hakuna anayekuja kucheza, sio maigizo mana hakuna stori iliyonyooka, ila likifanywa vizuri watu wanakaa kimya nusu saa wanasikiliza wakati mwingine wanacheka bila kutegemea.

Wengi wakianza wanakimbilia vifaa na wanajaza leptopu sauti elfu tano. Mi nasema hivi, mwenye vipande 40 anavyovijua nje ndani atamzidi mwenye vipande elfu tano kila siku, kwa sababu jukwaani huna muda wa kutafuta, ukianza kusoma majina ya mafaili watu wanaona, na masikio yako yanakuwa yashaondoka kwenye kinachosikika. Karibu kila ushauri hapa chini unatokana na hilo.

Na usidhani hii ni kitu cha juzi. Mwaka 1944 Halim El-Dabh, kijana Mmisri, alirekodi sherehe ya zaar, ngoma ya kupunga mapepo, jijini Kairo kwa mashine iliyokuwa inarekodi kwenye waya wa chuma, akaingia studio ya redio akaanza kuzibadilisha zile sauti, kuziongezea mwangwi, kuondoa zingine zikabaki zile za juu tu zinazoelea. Miaka minne baadaye, 1948, Pierre Schaeffer kwenye redio ya Ufaransa alifanya kazi na sauti za treni kwenye sahani za santuri, na kule Ufaransa ndo likapatikana jina la muziki wa namna hii. Mwaka 1951 mtunzi Mmarekani John Cage akaweka redio 12 jukwaani na watu 24, kila redio mmoja anazungusha stesheni mwingine anashika sauti. Ilipigwa usiku umeenda sana, stesheni nyingi zilikuwa zimeshafunga, kwa hiyo sehemu kubwa ilikuwa kimya na mikwaruzo. Kama unapanga kutumia redio, jaribu saa ileile utakayopiga shoo, sio mchana.

HATUA YA 1: Chagua jambo moja

Jambo lenyewe liwe dogo na la kushikika. "Maisha" sio jambo, "teknolojia" sio jambo. "Kusubiri" ni jambo, mana mara moja unajua pa kutafuta: jumbe za simu za "tafadhali subiri", muziki ule wa kwenye laini, saa ya ukutani, foleni, mtu anaahidi "hivi karibuni", karatasi ikitoka kwenye printa polepole. Nitatumia huu mfano mpaka mwisho ili tusipotezane.

Jambo likiwa dogo hivyo msikilizaji anashika uzi bila kuambiwa, na wewe unapata uhuru wa kuruka mbali sana kwa sababu kila ukirudi atajua umerudi wapi.

HATUA YA 2: Kusanya

Simu yako inatosha kuanzia. Ila weka programu ya kurekodi itoe faili la WAV, 48 kHz na biti 24 kama inaweza, sio yale mafaili madogo yaliyobanwa, mana ukishaanza kuivuta sauti iende polepole mara nne ule ubanaji unajitokeza kama maji maji yanayochuruzika ndani ya sauti. Kila unaporekodi mahali, rekodi pia sekunde 30 za hapo mahali pakiwa patupu, mtu asiongee. Hizo sekunde ndo zitakuja kuziba mapengo kati ya vipande, na zikikosekana kila ukikata kunasikika shimo.

Tovuti za Freesound na Internet Archive zina sauti na filamu kibao, soma leseni ya kila kitu kimoja kimoja, CC0 (mwenyewe ameachia haki zake) unatumia utakavyo, zingine zinataka umtaje aliyetengeneza, zingine zinakataza biashara. Hakimiliki sio utani kwenye fani hii. Negativland, kundi la California lililojenga jina kwa kolaji za redio na matangazo, walishtakiwa mwaka 1991 na lebo ya Island kwa kazi iliyochezea jina na muziki wa bendi ya U2, na ile kazi ikaondolewa sokoni. Sheria zinatofautiana nchi na nchi, na kupiga laivu mara moja sio sawa na kupandisha mtandaoni, lakini kama kipande chako cha katikati ni wimbo wa mtu mwingine mzima mzima, sidhani kama umetengeneza kolaji, umecheza wimbo wa mtu.

HATUA YA 3: Kata, hapa ndo utumie muda

Fungua programu ya kuhariri sauti, Audacity au Reaper au chochote ulichonacho. Vipande viwe vya aina tatu. Maneno, ya sekunde 1 mpaka 3. Luupu, yaani vipande vinavyojirudia, za sekunde 4 mpaka 20. Na matandiko, yaani sauti ndefu za chini za dakika 3 na kuendelea ambazo zinakaa chini ya kila kitu. Ukiwa na maneno 20, luupu 12 na matandiko 8 una shoo.

Sasa chukua ule ujumbe wa simu: "Simu yako ni muhimu kwetu, tafadhali subiri, hatutakuacha usubiri muda mrefu." Kuza mawimbi mpaka uone pumzi ya msomaji kati ya "kwetu" na "tafadhali". Ile pumzi ikate iwe faili lake peke yake, ni dhahabu. Halafu kata "subiri" na "ni muhimu kwetu". Viweke vifuatane: "subiri... ni muhimu kwetu". Hujaongeza kitu, na tayari kampuni imesema ukweli wake. Alafu nenda kwenye "hatutakuacha". Kiswahili kimetubariki hapa, ukanusho umekaa kichwani mwa kitenzi, kata silabi moja tu ya "ha" unabaki na "tutakuacha usubiri muda mrefu", sauti ileile, upole uleule, maana imegeuka juu chini. Inafanya kazi vizuri kwenye wakati ujao, hawatalipa inakuwa watalipa. Kwenye wakati uliopita haikubali, ukitoa "ha" kwenye "hatukulipa" unabaki na takataka, ingawa takataka nayo ina matumizi yake.

Kingine, kwa kuwa mkazo wetu upo silabi ya pili toka mwisho, ukikata neno mara tu baada ya mkazo, "subi", msikilizaji anamalizia mwenyewe kichwani. Ukilirudia hivyo mara sita bila kummalizia anaanza kukosa raha kwenye kiti. Mara ya saba mpe neno zima.

Hapo kuna la kuheshimu. Kugeuza tangazo la kampuni au hotuba ya mkubwa watu wanaelewa ni mchezo, hasa mkato ukisikika wazi. Kumkata mtu wa kawaida uliyemrekodi aonekane kasema asichosema, mi siafiki, na kama umemrekodi mtu mwambie utaitumiaje.

Mambo ya ufundi haraka haraka: kila mwanzo na mwisho wa kipande weka mteremko mfupi (fade) wa milisekunde 5 hadi 10 kisilie "tak". Kwenye maneno kata masafa ya chini ya 80 Hz, hayana kazi pale zaidi ya kuvimbisha spika. Sawazisha ukubwa wa sauti, Audacity ina efekti ya kusawazisha kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, mi nalenga -20 hivi kwa vyote ili slaida ya miksa (kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) ikiwa nusu nijue nitapata nini. Na jaribu kile Schaeffer alichofanya kwa kengele, alikata ule mgongano wa mwanzo akabakisha mlio unaofuata, ikawa haijulikani tena kama ni kengele, inakaribia chombo cha kupuliza. Fanya hivyo kwa mlango, kwa sahani, kwa kikohozi.

Luupu zako zisilingane urefu. Ukipiga moja ya sekunde 7 na nyingine ya 11 kwa pamoja, zinakutana mwanzo baada ya sekunde 77, katikati hapo kila mzunguko ni mpya na wewe mikono iko huru kufanya kingine.

HATUA YA 4: Meza na nyaya

Sheria yangu ni vyanzo viwili visivyotegemeana kwa uchache. Leptopu ikiganda, kitu kingine kiendelee kutoa sauti bila wewe kugusa chochote. Redio ndogo ya betri inafaa sana, kicheza kaseti kinafaa, simu ya pili inafaa. Vyote viingie kwenye miksa yenye slaida za kweli za kushika kwa kidole, sio za kwenye skrini, mana chombo chako hasa ni zile slaida.

Kwenye leptopu tumia Ableton Live, Pure Data ambayo ni ya bure, au programu yoyote ya padi, yaani vitufe unavyobonyeza kipande kikalia, ila kila kipande kiwe na padi yake na kisihame. Don Joyce wa Negativland, aliyekuwa na kipindi cha redio cha kolaji kule Berkeley toka 1981 mpaka alipofariki 2015, alikuwa anatumia zile kaseti fupi ambazo redio zilichezea matangazo, unabonyeza na sauti inatoka papo hapo. Hilo "papo hapo" ndo unalolitafuta. Angalia bafa ya sauti, ile akiba ndogo ambayo kompyuta inaijaza kabla ya kutoa sauti, sampuli 256 kwenye 48 kHz ni kama milisekunde 5, vidole havitaona tofauti. Ukiiweka 1024 ni zaidi ya 21 na utaanza kuhisi unavuta mkokoteni. Ukiishusha sana mashine dhaifu itakwaruza, kwa hiyo jaribu na video ikiwa inacheza, sio sauti peke yake.

Ukipenda kaseti unaweza kutengeneza luupu ya utepe. Utepe wa kaseti unakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 5 ni karibu sentimita 24 za utepe, zimeunganishwa kwa kipande cha selotepu maalum upande wa mgongo, ule usiogusa kichwa cha kusomea. Santuri nayo kwenye kasi ya 33 na theluthi inamaliza mzunguko kwa sekunde 1.8, sindano ikinasa kwenye mfereji mmoja unapata luupu ya urefu huo bure.

Maiki ya kugusa ni kile kiduara cha pizo kinachopatikana kwenye vifaa vya kulia lia, kibandike chini ya meza, kwenye kopo, kwenye waya wa chuma. Kikiingia moja kwa moja kwenye miksa kinasikika chembamba kama nzi, kinataka kifaa chenye ukinzani wa kuingilia wa megaomu 1 au zaidi, yale matundu ya kuingizia gitaa kwenye saundi kadi nyingi yanafaa.

Kuna pia mchezo wa miksa kujilisha yenyewe, unatoa waya kwenye tundu la kutolea efekti unaurudisha kwenye chaneli, unapandisha kidogo kidogo mpaka ianze kuimba. Sauti zinazotoka hapo hazina mfano ila zinaruka ghafla kuliko unavyodhani, kwa hiyo slaida kuu iwe chini kabisa unapoanza na limita, kile kinachozuia sauti isivuke kiwango, iwepo mwishoni, hilo halina mjadala. Limita iwekwe hata kama huna mpango wa kujilisha.

Mngurumo wa "mmmmm" usioisha mara nyingi unatokana na leptopu na projekta kuchomekwa sehemu tofauti za umeme. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, ikishindikana weka kisanduku cha DI, kinachotenganisha umeme wa vifaa viwili, kati ya leptopu na miksa.

HATUA YA 5: Picha

Kosa ninaloliona zaidi kwenye shoo za watu ni picha kurukaruka kufuata mdundo. Programu zinafanya hilo zenyewe, ndo maana linachosha baada ya dakika mbili. Picha na sauti zina namna tatu za kukaa pamoja: zinakubaliana, picha inachelewa, au zinapingana. Mkono unabonyeza kengele na kengele inalia, sawa. Kengele inalia na mkono unaonekana sekunde nne baadaye, hapo mtu ameanza kuwaza. Sauti ya mwanamke mpole anakuambia usubiri na kwenye skrini kuna mashine inaponda chuma, hapo huhitaji kueleza. Tumia zaidi ya pili na ya tatu.

Kiufundi, video zilizobanwa kwa H.264 za kawaida hazifai kurudishwa nyuma na kurukwa rukwa, mana fremu nyingi ndani yake zimehifadhiwa kama tofauti tu na fremu zingine, kompyuta inabidi ijenge upya kila ukiruka. Zibadilishe ziwe za mfumo wa DXV kama unatumia Resolume, au HAP kama unatumia VDMX (zote mbili ni programu za kupiga video laivu), au tengeneza faili ambalo kila fremu ni kamili. Zitakuwa kubwa mara kadhaa, haina shida, punguza upana mpaka 1280 kwa 720, kwenye projekta ya ukumbini ukiwa unachanachana picha hakuna atakayeona tofauti.

Bila programu za gharama? OBS Studio ni ya bure, weka kamera moja juu ya meza inayoangalia mikono yako, ya pili uielekeze kwenye skrini ileile inayoonyesha picha yake, itaanza kujizalisha yenyewe kama handaki lisilo na mwisho, isogeze kidogo tu na handaki zima linapinda. Kamera ya mezani ina faida nyingine, watu wanaona unachofanya. Mtu aliyejificha nyuma ya leptopu anaweza akawa anajibu barua pepe, nani ajue.

Angalizo zito: usimulike mwanga au picha zinazowaka na kuzima zaidi ya mara 3 kwa sekunde. Wapo watu wanaopata kifafa kwa sababu hiyo, na hata ukiweka tangazo mlangoni bado mtu anaweza kuwa hajui kuwa yeye ni mmoja wao.

HATUA YA 6: Ramani ya karatasi moja

Shoo ya kwanza isizidi dakika 25. Chora mstari kwenye karatasi, weka vituo vinne au vitano, kati ya vituo jiachie. Kwa mfano wetu: dakika ya 0 saa ya ukutani peke yake gizani. Dakika ya 5 ile pumzi ya msomaji inaanza kurudiwa. Dakika ya 12 "tutakuacha" inasikika kwa mara ya kwanza. Dakika ya 18 kila kitu kwa pamoja. Dakika ya 22 kimya cha ghafla, sekunde kumi kamili, hesabu kimoyomoyo usikimbie. Halafu redio tu.

Usiandike zaidi ya hapo. Ramani ya kurasa nne utaisoma badala ya kusikiliza.

HATUA YA 7: Mazoezi

Zoezi la kwanza, fumba macho na utaje kipande kabla hujabonyeza padi. Ukikosea, kipande hicho kina nafasi mbaya au hukihitaji. La pili, piga dakika 5 kwa vipande vitatu tu. Linaumiza mwanzoni, maana ukishatumia vyote ndani ya dakika moja unabaki na dakika nne za kugundua kwamba kipande kinaweza kuwa cha chini sana, kikageuzwa nyuma mbele, kikapunguzwa kasi, kikaondolewa watu wakaanza kukisubiri. La tatu, kila unapotaka kupandisha kitu, shusha kingine kwanza. Zoezi hili likishaingia mkononi, uji wa kelele unaomaliza shoo nyingi za aina hii unapotea wenyewe.

Rekodi kila zoezi na sikiliza kesho yake, sio usiku huohuo.

HATUA YA 8: Saundi cheki

Muone fundi mitambo mapema na umwambie kwa utulivu kwamba kelele, mikwaruzo na ukimya ni vya makusudi, la sivyo atakuja kukata nyaya dakika ya 22 ile ya kimya au atashusha redio akidhani imeharibika. Mpe kipande chako chenye sauti kubwa kuliko vyote kwanza, mkubaliane hapo ndo mwisho. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwamba kumbi zisivuke wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15, na kwa kazi hii hata 90 ni nyingi, watu wanatakiwa wasikie pumzi.

Tembea ukumbi mzima luupu moja ikicheza. Vitu vyako vya muhimu vifanye mono, yaani vitoke sawasawa spika zote, mana mtu aliyekaa kando karibu na spika moja hatasikia ulichoweka upande wa pili. Projekta ichekiwe taa zikiwa vilevile zitakavyokuwa kwenye shoo, na ubaki na taa ndogo ya mezani iliyoinamishwa kwenye miksa. Zima notifikesheni, intaneti, na ule usingizi wa skrini.

HATUA YA 9: Shoo yenyewe

Anza taratibu kuliko unavyotaka. Mtu akikohoa au mlango ukilia, usijifanye hujasikia, kama una maiki ya chumbani idake irudie, ukumbi mzima utaamka. Leptopu ikiganda, slaida ya redio juu, iwashe upya bila haraka, acha ile skrini ya bluu au nembo ionekane, kwenye kolaji hakuna atakayejua kama sio sehemu ya kazi. Ukipiga na mwenzako wa picha kubalianeni ishara ya mwisho, mkono uwekwe wazi mezani kwa mfano, mana bila hiyo kila mmoja anamngoja mwenzie na shoo inaisha mara tatu.

Ukimaliza shusha slaida zote, zima spika kwanza ndo uzime miksa, ukianza na miksa spika zitapiga "dum" na fundi atakununia. Nakili rekodi ya shoo sehemu mbili kabla hujatoka ukumbini. Nyaya zikunjwe kwa duara zisivunjwe kwenye kiwiko. Na ukifika nyumbani fungua ile orodha ya vipande 40, vile ambavyo kidole hakikuviendea usiku mzima vitoe, anza kutafuta vya kujaza nafasi zao.